Uwindaji, kasa na Bunge: maneno niliyosema Ngomeni

Uzi wa leo ni mrefu kuliko kawaida, jipangeni. Vijana wa Ngomeni waliniita niwaelezee ule mjadala wa uwindaji na sheria za wanyamapori, ambao karibu kila Bunge jipya huufufua. Tulikaa baada ya Alasiri, pale wanapoanika nyavu. Wengi mmeomba maandishi, basi haya hapa, karibu kama nilivyoyasema. Kanuni ya ukurasa huu mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukiandika jina kwenye majibu nitalifuta, hata kama ni la yule nisiyempenda mimi.

* * *

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioniita. Na wenzetu wa kanisani, Bwana asifiwe.

Najua kuna wanaojiuliza, uwindaji na Ngomeni wapi na wapi? Simba hatuna. Mbele yetu ni ghuba ya Ungwana, nyuma yetu ni mashamba ya chumvi, na kule majini imesimama ile mitambo ya Waitaliano ya kurushia roketi. Mtu wa hapa akitaka kumwona ndovu ni mpaka asafiri aende Arabuko-Sokoke au apande juu Tsavo. Sasa mambo ya Bunge na bunduki za wazungu yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwa sababu kasa ni mnyamapori. Mtu akionekana anampakua kasa kwenye dau lake usiku, kesi yake haisomwi kwenye sheria ya uvuvi peke yake. Inasomwa kwenye sheria ile ile ya aliyeua kifaru. Kwa hiyo wanaposimama Bungeni kujadili "wanyama", nyinyi mmo ndani ya chumba hicho, mpende msipende.

Nianze na neno lenyewe, manake hapo ndipo watu wanapopotezwa. Mheshimiwa mmoja atasimama aseme turuhusu uwindaji, wananchi wafaidike. Mwingine atasimama aseme uwindaji ni unyama, nchi itaaibika. Makofi huku, kelele kule, video inakatwa vipande inarushwa kwenye simu zenu. Ukisikiliza kwa makini unakuta hawazungumzii kitu kimoja. Wa kwanza anamfikiria mtalii anayelipa dola kumpiga nyati mmoja na kuondoka na pembe za kutundika ukutani. Wa pili anafikiria genge lenye bunduki na magunia ya pembe za ndovu. Na hakuna hata mmoja kati yao anayemfikiria mtu aliyetega kamba msituni apate paa wa kitoweo, au mvuvi aliyevuta jarife akakuta kasa amejinasa.

Sheria yenyewe, ile iliyopitishwa 2013 na kuanza kazi Januari 2014, inawatenganisha hawa. Kama ilivyopita Bungeni mwaka ule, anayewinda kwa ajili ya kula yeye na watoto wake, faini haipungui shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita. Anayewinda nyama ya kuuza, haipungui 200,000 au mwaka mmoja. Lakini mnyama akiwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, mizani inabadilika kabisa: faini isiyopungua milioni 20, au kifungo cha maisha, au vyote viwili. Baadaye Bunge lililirudia fungu hilo likalipasua, likaweka aliyeua mbali, mfanyabiashara mbali, na aliyepatikana na mnyama au kiungo chake mbali. Hata hivyo bado tunaongea mamilioni.

Na kasa yumo kwenye orodha hiyo ya hatarini. Ng'amba naye yumo, tena yeye hali yake ni mbaya zaidi. Kwa hiyo ile huruma ndogo ya shilingi 30,000 kwa mwenye njaa haimfikii mtu wa Ngomeni aliyekula kasa. Angekula digidigi, angeingia kwenye fungu la njaa. Amekula kasa, ameingia kwenye fungu la kifaru. Kuna mahakimu wanaojitahidi kupima mtu na mtu, lakini sheria imewaandikia sakafu wasiyoruhusiwa kushuka chini yake.

Sisemi haya niwaambie mkale kasa. Nitafika huko. Nasema mjue mahali mlipowekwa.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu wanasiasa wa pande zote mbili wanapenda kutuambia historia nusu.

Wazee hapa wanawajua Waata, wengine wanawaita Wasanye, na serikali ya Mwingereza ilizoea kuwaita Waliangulu. Wapo mpaka leo, Marafa, upande wa mto Galana, ndani ndani huko. Hawa walikuwa wawindaji wa ndovu kwa uta. Uta mrefu, mgumu, ambao mwanamume asiyezoea hauvuti hata nusu, na mshale uliopakwa sumu ya msunguti. Nyama wakila na kubadilishana na Wagiriama, pembe zikiteremka pwani kwa wafanyabiashara. Ilikuwa kazi, kama uvuvi wenu ulivyo kazi.

Mwaka 1909 rais mstaafu wa Marekani alishuka meli Mombasa akaenda bara kuwinda. Yeye na mwanawe waliua wanyama zaidi ya 500. Walikuwa na leseni. Aliandikiwa magazetini kama shujaa na makumbusho ya kwao yakapokea ngozi. Mwaata aliyeua ndovu mmoja kwa uta wa babu yake hakuwa na leseni, na bei ya leseni haikuwekwa kwa mfuko wake. Huyo aliitwa jangili. Angalieni lugha ilivyofanya kazi: mwenye leseni ni mwindaji, asiye nayo ni jangili, na anayeamua nani apate leseni si yule anayeishi na ndovu.

Tsavo ikafanywa hifadhi ya taifa 1948. Katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikafanya operesheni kubwa dhidi ya wawindaji wa huko, 1956 na 1957. Waata wengi wakakamatwa, wakafungwa, nyuta zikachukuliwa. Halafu baadhi ya wale wale maafisa wakaanza kujiuliza: hawa watu tumewanyang'anya kazi, sasa wataishi kwa nini? Ndipo 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, mashariki ya Tsavo, ambapo Waata wangeruhusiwa kuwinda ndovu kihalali, kwa idadi iliyopangwa, na mauzo yarudi kwenye mpango wenyewe. Wazo halikuwa baya. Lakini lilisimamiwa kutoka juu, mahesabu hayakukaa sawa, na baada ya miaka michache eneo likageuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe. Waata wakabaki bila uta na bila ranchi.

Hii hadithi ya Galana siisikii Bungeni hata siku moja, na ingewafaa wote. Anayesema "uwindaji uliopangwa utawatajirisha wenyeji" angeulizwa: ule wa Galana ulimtajirisha nani? Na anayesema "ukizuia uwindaji wanyama watapona" angeonyeshwa yaliyofuata. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya ndovu wa Tsavo kwa njaa. Baada ya hapo wakaja watu wenye bunduki za kivita. Nchi nzima ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000 mwaka 1973. Kufika 1989 walibaki kama 16,000. Wale Waata na nyuta zao hawangeweza kufanya hivyo hata wangewinda usiku na mchana.

Na katikati ya hapo, Mei 1977, Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa leseni. Mwaka uliofuata biashara ya ngozi na pembe nayo ikafungwa. Marufuku ile imeishi mpaka leo, na ndiyo inayopiganiwa kila mara.

Wanaotaka iondolewe wana takwimu moja wanayoipenda. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba tangu 1977 wanyamapori wa Kenya, wale wakubwa wa nyanda kavu, walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Yaani, wanasema, mmezuia uwindaji na bado wanyama wameisha, mwananchi hana sababu ya kumtunza mnyama asiyemletea kitu. Wanaotaka marufuku ibaki nao wana yao: ndovu wamepanda kutoka wale 16,000 hadi zaidi ya 36,000 kwenye hesabu ya 2021.

Takwimu zote mbili ni za kweli. Ila hakuna kati yake inayothibitisha kile wanachoithibitishia. Ndovu waliongezeka baada ya 1989, mwaka ambao dunia ilifunga soko la pembe na Kenya ikachoma tani 12 za pembe pale Nairobi, na walinzi wakapewa silaha na mishahara. Na wale asilimia 68 wanahesabiwa pamoja na kuongezeka kwa watu, mifugo, mashamba na nyua. Ukimsikia mheshimiwa anakutajia moja tu kati ya hizo mbili, jua kuna upande anauza.

Pia mtaambiwa "angalieni jirani". Haya, tuangalie. Tanzania ilifunga uwindaji 1973, ikafungua tena 1978, mpaka leo wanauza vitalu, na sasa hata bucha za nyamapori zimeruhusiwa. Wana wanyama wengi, lakini pia wana ardhi kubwa sana kuliko sisi. Botswana ilifunga 2014 ikafungua 2019, na 2024 rais wao wa wakati huo akatishia kuwapelekea Wajerumani ndovu 20,000 wakae nao, kwa sababu Ujerumani ilikuwa ikitaka kubana uingizaji wa vichwa na ngozi za wanyama waliowindwa. Tulicheka sana na ile habari. Lakini ndani ya kicheko kulikuwa na swali la haki: anayepiga kura kule Ulaya haamki akakuta shamba lake limelala chini.

Mimi maoni yangu juu ya uwindaji wa watalii ni haya, na mnaweza kunipinga: kwa Pwani hii ni mjadala wa watu wengine. Hata kesho ukiruhusiwa, hakuna atakayekuja Ngomeni kulipa dola apige kasa. Kinachonikera ni kwamba mjadala huo unakula hewa yote ya chumba, na mambo yanayotuhusu yanafia pembeni. Na hilo nina ushahidi wake.

Desemba 2004 Bunge letu lilipitisha mswada wa kurekebisha sheria ya wanyamapori. Ndani yake kulikuwa na mambo mengi, moja likiwa kupandisha fidia kwa watu wanaouawa na kujeruhiwa na wanyama. Mnajua fidia ya kuuawa na ndovu wakati huo ilikuwa ngapi? Shilingi 30,000. Uhai wa mtu, baba wa watoto, elfu thelathini. Wapinzani wa mswada, yakiwemo mashirika ya kutetea wanyama, walisema mswada huu ni mlango wa nyuma wa kurudisha uwindaji. Pengine walikuwa na hoja. Kelele zikawa za uwindaji, uwindaji, uwindaji. Rais akakataa kutia sahihi. Mswada ukafa, na fidia ikafa nao. Mwaka ule ule, kumbukeni, Bunge la Uingereza nalo lilikuwa limepigana mpaka likapitisha sheria ya kuzuia kuwinda mbweha kwa mbwa. Tofauti ni kwamba mbweha wa kule hamuui mtu akienda kisimani.

Fidia iliongezwa baadaye, ikawa 200,000 kwa aliyekufa. Ikafika 2013 ndipo sheria mpya ikaandika milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Kwenye karatasi ni nzuri. Kuipata ni safari nyingine: fomu, ripoti, kamati ya kaunti, halafu wizara, halafu bajeti. Malimbikizo ya fidia yamekuwa wimbo wa kila mwaka Bungeni, na hapo utashangaa, pande zote mbili zinaimba pamoja.

Sasa fungueni masikio, hapa ndipo Ngomeni inapoingia.

Sheria ile ina orodha ya wanyama ambao wakikudhuru unalipwa. Orodha ya 2013 ilikuwa na ndovu, simba, chui, kiboko, mamba, nyati, fisi. Ilikuwa na nyoka wenye sumu, ambao baadaye Bunge liliwaondoa, kukawa na wabunge wanaotaka warudishwe, manake watu wa mashambani hung'atwa na nyoka kuliko wanavyokanyagwa na ndovu. Na ilikuwa na vitu vya baharini: papa, taa, yule samaki wa miambani mwenye miba ya sumu, hata nyangumi! Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Nani hapa ameliwa na nyangumi? Mtu aliyekaa Nairobi aliifikiria bahari, akakumbuka filamu.

Kasa hayumo. Na kasa ndiye anayetugharimu. Haumi mtu, ni kweli, lakini akiingia kwenye jarife anazunguka mpaka wavu unakuwa matambara. Wavu mmoja ni kazi ya miezi. Kwa mkulima, ndovu au kiboko akiharibu shamba kuna mahali pa kupeleka malalamiko, hata kama malipo hayaji. Kwa mvuvi, aliyeharibu wavu hayuko kwenye orodha ya walipaji, ila yuko kwenye orodha ya kufungia watu. Sheria imemkumbuka mvuvi upande wa jela tu.

Halafu mwenye jarife anatazama kule ghubani. Meli za trola zilizokuwa zikikokota kamba wadogo kwenye ghuba hii ya Ungwana, mnazikumbuka. Nyavu zao zilikuwa zikizoa kila kitu, kasa wakiwemo, na nyinyi ndio mliokuwa mkiona mizoga ikiletwa na maji. Zilisimamishwa 2006, zikaruhusiwa tena 2011 kwa masharti, moja likiwa kifaa cha kumtoa kasa kwenye wavu. Masharti ni mazuri, lakini yule aliye pwani hana boti ya kwenda kukagua kama kifaa kimefungwa au kimekunjwa kimewekwa chini ya sitaha. Mvuvi wa dau anakaguliwa ufukweni na kila mpita njia.

Kwa hiyo mkinisikia nasema sheria hii ina upungufu, sitaki mnielewe kwamba kasa hana haja ya ulinzi. Anayo. Wazee waliokuwa wakimtega kasa kwa chazo, yule samaki anayejibandika, wakimfunga kamba mkiani wakimwachilia amfuate kasa, walikuwa wakitoa mmoja mmoja, kwa ufundi. Hiyo bahari haipo tena. Sasa kuna nyavu za nailoni, kuna hoteli juu ya fukwe alizokuwa akitagia, kuna taa zinazopoteza watoto wake usiku. Kasa huchukua miaka ishirini, thelathini, kabla ya kutaga mara ya kwanza. Ukimla jike aliyefika kutaga, umekula kitu ambacho huwezi kukirudisha mpaka mjukuu wako aoe.

Na liko jambo la pili ambalo wanaokuja na mabango ya uhifadhi hawalisemi kwa sauti, sijui kwa nini, kwa sababu lingewasaidia. Nyama ya kasa inaweza kuua. Machi 2024 kisiwa cha Panza, Pemba, walikufa watu tisa, wanane wakiwa watoto, na wengine 78 walilazwa, baada ya kula kasa. Novemba 2021 huko huko Pemba walikufa saba. Sumu hiyo kasa huipata kwenye anachokula, haionekani, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Leo unakula salama, kesho kasa mwingine kutoka maji yale yale anaua watoto. Dawa yake hakuna. Mama zangu, mtu akiwaletea mafuta ya kasa ati ya pumu ya mtoto, mpelekeni mtoto hospitali.

Nirudi kwenye sheria. Kuna kitu kinachofanya kazi, na kiko hapo chini yetu Watamu. Tangu miaka ya 1990 mwisho, kuna shirika la kuhifadhi kasa ambalo lina mpango na wavuvi: kasa akinasa, mvuvi anapiga simu, wanakuja, kasa anapimwa, anawekwa alama, anarudishwa baharini, akiwa mgonjwa anatibiwa. Mvuvi anapewa pesa kidogo ya simu, ya muda wake na ya wavu. Kiasi kile hakilingani na bei ya nyama ya kasa, na hakikukusudiwa kulingana, la sivyo watu wangeanza kuwavua makusudi wakalipwe. Kasa waliorudishwa hivyo ni maelfu. Hakuna kifungo cha maisha pale. Kuna simu, kuna gari, kuna shilingi chache na heshima.

Lakini ule ni mpango wa shirika, kwa pesa za wafadhili. Mfadhili akichoka, umekwisha. Haumo kwenye sheria. Bunge limebishana juu ya mtalii na bunduki miaka yote hii, na hakuna mswada niliouona mimi ukimtaja mtu anayekata wavu wake mwenyewe ili kasa apumue.

Ndipo nawaambia, mjadala ukirudi, na utarudi, msiingie kwenye ile ya "unaunga mkono uwindaji au unapinga". Wanaotupangia swali hilo wanajua tutagawanyika na tutakwenda nyumbani mikono mitupu. Ulizeni pesa za mnyama huyu zinatoka mfuko wa nani na zinaingia mfuko wa nani. Mheshimiwa akija hapa na hotuba ya kutetea wanyama, muulizeni kifungu gani kinamlipa mwenye wavu. Akija mwingine na hotuba ya kuwatetea wananchi dhidi ya wanyama, muulizeni kifungu hicho hicho.

Na mnayo njia. Katiba, kifungu cha 118, inalazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi kwenye kazi yake. Cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, yaani malalamiko rasmi ya kutaka sheria itungwe au ibadilishwe. Na cha 120 kinasema Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge. Kwa hiyo yule anayewaambia mpaka mtafute wakili awaandikie Kiingereza, anatafuta kazi huyo.

* * *

Hapo nilimaliza, yakaja maswali. Mengi yalikuwa ya trola, na hayo nitayawekea uzi wake. Nawaandikia moja tu.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akishona wavu muda wote, sikujua kama ananisikiliza, aliuliza: "Mwanangu, wewe umesema mengi ya Bunge. Mimi leo usiku natoka. Nikimvuta kasa nifanye nini?"

Nikamwambia: akiwa hai na ana nguvu, mtoe, kata wavu ikibidi, mrudishe polepole, kichwa kwanza. Akiwa amelegea usimtupe majini, atazama. Mlaze kwa tumbo, si kwa mgongo, nyuma yake inuke kidogo maji yatoke, mfunike kitambaa kibichi, mweke kivulini. Anaweza kuonekana maiti akazinduka baada ya masaa mengi. Akiwa amekufa kweli, usimpasue, usimbebe nyumbani. Mwite mwenzako ashuhudie, pigeni picha, toeni ripoti kwa chama chenu cha ufukweni na kwa watu wa wanyamapori, manake ukikutwa naye kimya kimya ni wewe utakayeeleza.

Akasema, "Nimekuelewa. Na wavu?"

Nikamwambia wavu, mzee wangu, hakuna kifungu.

Basi jioni ile ile tukaomba karatasi kwa mwalimu, tukaanza kuandika ombi. Kwa Kiswahili. Limefika ukurasa wa pili, linataka kasa aongezwe kwenye orodha ya fidia ya mali na kwamba mvuvi anayetoa ripoti ya kasa aliyejinasa asishtakiwe. Sahihi zinakusanywa hapo bandarini, na mtu wa Mambrui, Gongoni au Kipini anayetaka kutia yake aje na kitambulisho. Rasimu nitaiweka hapa Jumatatu mkosoe kabla haijakwenda.